Aliyeuvunja Mkono Wangu

Niliwaacha kwenye taa za Kensington, mlango wa gari umebamizwa na mkono wangu wa kulia ukiwa ndani yake. Wengi mmeniuliza kama nilipiga kelele. Nilipiga, tena sana. Bondia naye kazaliwa na mwanamke.

Aliyeikosa wiki iliyopita nimshike mkono kidogo.

Mimi ni Ameir, Mzanzibari. Kwetu ndondi zilipigwa marufuku kabla sijazaliwa, basi nikazifuata Dar, na kutoka Dar nikazifuata mpaka Johannesburg. Mke wangu ni Larisa, Mrusi, mfanyabiashara wa nywele. Sisemi za plastiki. Ni nywele za watu, mikia mirefu iliyokatwa kwa wanawake wa vijijini kwao. Anaileta dukani kwake Kensington, mtaa wa Johannesburg, inachambuliwa, inashonwa, inakwenda kwenye saluni za jiji zima. Nilipomwoa alikuwa Paje akiongoza watalii, na Kiswahili chake alikiokota ufukweni. Maneno anayo, ngeli hana.

Julai ya 2018 nilikuwa safarini kwenda East London, mji wa pwani hukuhuku Afrika Kusini, kupigania mkanda nilioutafuta ujana wangu wote. Aliyeniendesha ni Damien, Mkongomani wa Bukavu, mlinzi wa duka la mke wangu, ambaye pia alinishikia pedi mazoezini. Tukasimama kwenye robot, ndivyo taa za barabarani zinavyoitwa huku. Wanaume wawili waliofunika nyuso kwa kofia za sufu wakafungua mlango wangu, wakanitoa nje. Mmoja akanikumbatia kwa nyuma. Mwenzake akaupanga mkono wangu kwenye fremu ya mlango, taratibu, kama fundi anayepima ubao, akaubamiza mlango.

Hapo ndipo tulipofika. Twende.

Akaufungua mlango, akaubamiza tena.

Mara ya kwanza nilisikia sauti tu. Mara ya pili ndiyo iliyoleta maumivu, yakanipanda mpaka kwenye meno. Vidole vyangu vilikuwa vimeelekea kule visikotakiwa kuelekea.

Aliyenikumbatia akalegeza mikono. Nadhani sauti ya mifupa ilimtisha. Hilo lilikuwa kosa lake, maana Mungu kanipa mikono miwili.

Niligeuka na kumtia ngumi ya kushoto kwenye ini. Msomaji, ngumi ya ini haina ubishi. Mtu mzima hulia kama mtoto.

"Mama eh, nakufa!" akalia.

Kwa Kiswahili!

Sikupata nafasi ya kushangaa. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshaondoka tena, ukamkuta kwenye taya. Akaanguka bila kutanguliza mikono. Wenye kazi yetu tunajua, anayeanguka hivyo amelala kabla hajafika chini. Kisogo chake kikagonga ukingo wa barabara na damu ikaanza kutoka sikioni.

Mwenzake akaniacha, akamkokota kwa makwapa mpaka kwenye gari jeupe lililokuwa likiunguruma nyuma yetu. Wakaondoka.

Begi langu lilikuwa palepale kwenye kiti. Saa mkononi. Simu yangu ilikuwa imeanguka kwenye lami na ilikuwa inaita. Alikuwa ni Larisa.

Damien akaiokota, akaniwekea sikioni. "Amirushka," alisema Larisa. "Amirushka, wewe mzima?"

Ndiyo salamu yake ya kwanza. Sikuitilia maanani.

* * *

Hospitali walinifunga plasta kuanzia kwenye vidole hadi juu ya kiwiko, nzito kama tofali. Daktari akasema upasuaji ni wiki ijayo, wataweka vyuma. Nikamuuliza lini nitapigana. Akacheka, akafikiri ninatania.

Larisa alikaa pembeni ya kitanda, akaushika mkono wangu mzima na kuubusu. Alilia mpaka pua ikawa nyekundu.

"Nani kanifanyia hivi, Lara?"

"Tsotsi, wezi tu. Joburg hii, wewe unajua."

"Tsotsi gani anaacha simu?"

Akanimiminia chai kutoka kwenye chupa. Chai yenye jemu ndani, ugonjwa wa kwao.

"Tsotsi gani anaacha saa, Lara? Tsotsi gani anauchagua mkono wa kulia?"

"Kunywa, itapoa."

Nikanywa. Jioni wakaniruhusu kurudi nyumbani. Usiku kucha sikulala. Kwanza niliwaza kambi ya mpinzani wangu. Nikawatukana wote, kocha wake, mama yake na mtaa wake. Kisha nikakumbuka ule ukelele. Huko East London nani anamlilia mama yake kwa Kiswahili?

Halafu likanijia jingine, nikakaa kitako.

Damien hasimami kwenye robot. Hapa mjini, asubuhi yenye giza kama ile na barabara tupu, dereva mwenye akili akiona nyekundu anapunguza, anachungulia, anapita, kwa kuogopa wavunja vioo. Damien ndiye bingwa wa kupita. Na milango huitia loki kabla hujakaa vizuri. Asubuhi ile alisimama kwenye nyekundu kama mtahiniwa wa leseni, na mlango wangu haukutiwa loki.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilisubiri kukuche.

* * *

Nilifika dukani wakati Damien anafungua geti la chuma. Larisa nilikuwa nimemwacha nyumbani akiniamini niko chooni.

"Grand!" Ndivyo wanavyomwita kaka mkubwa kwao. "Umeisha kutoka? Eish, pole sana, grand. Mukono iko namna gani?"

"Ingia stoo, Damien."

"Kuna nini?"

"Ingia."

Aliingia. Nikaufunga mlango kwa mguu na kumpiga tumboni kabla hajageuka sawasawa. Akainama. Nikampandisha kwa goti, pua ikapasuka.

Stoo ile ndimo inamoning'inizwa mikia ya nywele iliyokwisha kuoshwa. Damu ya Damien ikairukia ile ya rangi ya asali, iliyo ghali kuliko yote. Nakumbuka niliwaza, Larisa ataniua, hizi hazitakati. Mtu akiwa na hasira huwaza upuuzi.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna mutu, grand! Kwa jina ya Yesu!"

Nikampiga mbavuni.

"Kwa nini ulisimama kwenye robot?"

"Ilikuwa rouge!"

"Na tangu lini wewe unasimama kwenye nyekundu?"

Nikampiga tena palepale mbavuni, nikausikia ubavu ukikubali. Akateleza chini ya rafu, boksi la nywele likamwangukia, akabaki amefunikwa na nywele za wanawake wa Urusi kama bibi harusi. Siku nyingine ningecheka. Nilimkamata kifundo cha mkono, nikamburura hadi mlangoni, nikauweka mkono wake kwenye fremu. Ni mlango wa chuma ule. Nikaushika kwa bega.

"Unajua unavyofungwa, siyo? Ulikuwepo."

Damien alijikojolea. Ninasema mlivyoniomba niseme, bila kujipamba. Nilimwona anajikojolea na nikafurahi.

"Bibi yako!" akapiga kelele. "Bibi yako njo alinituma!"

Nikauacha mlango nipate kumzaba kofi.

"Usimtie mke wangu mdomoni mwako."

"Grand, niuwe kama unataka. Mi ni sentinelle tu, mulinzi wa duka, nitatoa wapi nguvu ya kukupangia weye kitu kama ile? Yeye njo alisema mukono ya kuume tu. Akarudilia, akarudilia, kichwa basiguse. Akasema mutu akigusa kichwa yako, yeye mwenyewe atamufwata."

Mkono wangu ulikuwa bado hewani. Kofi la pili halikutoka.

Kwao Larisa, mtu hasafiri kabla hajakaa. Mizigo ikishafika mlangoni, wote waliomo ndani wanakaa chini, anayeondoka na anayebaki, wananyamaza kidogo, ndipo safari inaanza. Bila hivyo njia inakuwa mbaya. Mwaka wa kwanza nilimcheka. Baadaye nikazoea, yeye akikaa kimya mimi nikisoma Fatiha moyoni, kila mmoja na lake. Hata nikienda Pretoria kupima uzito alinikalisha. Hata Damien alikalishwa, funguo za gari mkononi, macho juu kama yuko kanisani.

Asubuhi ya safari ya East London, safari kubwa kuliko zote, Larisa hakunikalisha. Nilivuta kiti mwenyewe. Akasema, "Hapana, leo hapana, nenda tu, mtachelewa," akanisukuma mgongoni mpaka nje. Nikadhani ni wasiwasi wa pambano.

Hakuwa na wasiwasi. Alishindwa kuiombea heri njia aliyoiharibu mwenyewe.

Nikamwachia Damien. Nikakaa sakafuni karibu naye, sote wawili tunahema.

"Na wale wawili ni nani?"

Akapangusa damu kwa kiganja. "Hénock na mudogo yake, Pacifique."

Nikafumba macho. Hénock ni mume wa Victorine. Victorine ndiye anayekaa kwenye cherehani ya kwanza dukani kwetu, anayezishona nywele hizo tangu duka lifunguliwe. Kila Pasaka tunakwenda kwao Bellevue, katika chumba chao kimoja, tunakula sombe, kisamvu cha kwao, na Hénock ananiita bingwa na kunilazimisha nikae kwenye kiti chenye mto.

"Yupi kati yao alinishika kwa nyuma?"

"Hénock."

"Yuko wapi?"

"Hospitali. Tangu jana hajaamuka. Victorine anafikiri ni bezi njo balimupiga, balitaka kuiba feza yake."

* * *

Nilimkuta Larisa jikoni anamenya viazi. Aliliangalia shati langu, akaiona damu, akaweka kisu chini polepole.

"Damien mzima?"

"Mke wangu una tabia ya kuuliza nani mzima."

Akazima jiko.

"Niambie si wewe, Lara. Danganya kama unataka. Nitakuamini, wallahi nitakuamini."

"Mimi," alisema. "Mimi nilituma wao."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa kiapo, hata kwa matusi ya Kirusi. Sikujiandaa kwa neno moja. Nikauinua mkono wa kushoto. Hakukwepa, hakufumba macho, alisimama tu na ganda la kiazi limemganda kwenye kidole. Ngumi ikapita kando ya sikio lake na kuingia kwenye mlango wa kabati. Ukatoboka. Vikombe vikaanguka ndani kimoja kimoja.

"Pambano langu!" nilipiga kelele. "Maisha yangu yote! Umeyatia kwenye mlango wa gari!"

"Unakumbuka siku ile ulitapika bafuni?"

"Usinibadilishie maneno."

"Unakumbuka au hukumbuki?"

Nilikumbuka. Mwanzoni mwa Juni niliamka na kichwa kinagonga, nikaanguka bafuni. Akanipeleka kwa daktari wake, wakanipiga picha ya kichwa, wakanichoma sindano nikalala. Nilipoamka Larisa aliniambia ni uchovu na maji kidogo mwilini. Kamisheni ya ndondi ilikuwa imenipima mwanzo wa mwaka ikaniona mzima, basi nani angejisumbua?

"Damu inavuja ndani kichwa yako," alisema. "Kidogo kidogo. Daktari alisema, akipigwa kichwani tena vizuri, hataamka. Alisema vile, hataamka. Mimi peke yangu nilisikia, wewe ulikuwa unakoroma."

Nikavuta kiti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanya nini?"

Nikaliangalia tundu la kabati.

"Mimi najua wewe. Ungevaa glavu haraka zaidi. Ungesema Ameir haogopi. Mwaka jana ulisema mbele ya watu wote, bora nife ulingoni kuliko kuuza nywele za wanawake. Mimi ninauza nywele za wanawake, Ameir. Nilicheka pamoja na watu. Nyumbani nililia."

"Ungeiambia kamisheni."

"Wangefuta jina yako milele, na wewe ungenichukia milele. Nikafikiri, mkono inapona, Amirushka. Kichwa haiponi. Mkono itachukua mwaka, katika mwaka mimi nitapata maneno ya kukuambia. Hénock hakuwa na kazi, nilimwahidi atalinda duka mpya ninayofungua. Nilisema mkono tu. Sikufikiri wewe utapiga mtu na ile nyingine."

"Ulioa bondia, ukafikiri hatapiga mtu?"

Nilisema ulioa, ndivyo nilivyochanganyikiwa. Hakucheka hata yeye.

Nimejaribu wiki hii yote kutafuta namna ya kuwaeleza nilivyojisikia pale jikoni. Nilimpenda na nilitaka kumnyonga, na vyote viwili vilikuwa vya kweli. Hakuna mtu aliyewahi kunitakia uhai kwa nguvu kiasi kile, hata mama yangu. Na hakuna adui aliyewahi kunifanyia ubaya mkubwa kuliko ule. Nilihisi kichwa kinagonga, upande wa kushoto, nikakishika kwa kiganja kana kwamba kitamwagika.

"Hénock akifa je?" nikauliza.

"Hatakufa."

Kengele ya getini ikalia.

* * *

Alikuwa ni Victorine, na nyuma yake Pacifique, shemeji yake. Victorine alikuwa kajifunga kitenge kifuani juu ya sweta, kichwa wazi. Huyu ni mwanamke asiyetoka nje bila kujipamba nywele, maana kichwa chake ndicho tangazo la duka letu.

"Maman Larisa," alisema mlangoni. "Hénock ameenda."

Akamwangukia mke wangu. Larisa akampokea, wakashuka chini pamoja mpaka sakafuni, wakalia. Ninaapa machozi ya Larisa yalikuwa ya kweli. Alimpapasa mgongo na kumwambia maneno ya Kirusi, yale ya kubembelezea mtoto, na Victorine alikuwa anaitikia eh, eh, kama anayaelewa.

Mimi nilisimama karibu na meza. Nimeua mtu, nikawaza. Nimemuua Hénock aliyenipa kiti chenye mto.

Pacifique hakulia. Alibaki kwenye fremu ya mlango, mkono mmoja nyuma, akiangalia ngumi yangu ya kushoto. Ilikuwa imevimba na kuchubuka, damu ya Damien na mbao za kabati zimegandana juu yake.

"Nani alimupiga mume wangu, maman?" Victorine alikuwa anauliza. "Hénock alikuwa hana mashida na mutu. Docteur anasema taya imevunjika na ngumi moja. Moja tu! Anasema aliyepiga anajua kupiga."

"Muulize grand Ameir," alisema Pacifique. "Yeye anajua batu benye kujua kupiga."

Victorine akainua uso. Aliniangalia mimi, akaangalia plasta, akaangalia ngumi. Niliona kabisa jinsi jambo lile lilivyokuwa linamwingia, na lilipofika ndani hakutaka kulipokea.

"Hapana," alisema. "Grand, sema hapana."

Nilifungua mdomo. Larisa akaniwahi.

"Mimi," alisema, bado amemshika. "Mimi niliwatuma Hénock na Pacifique wavunje mkono ya mume wangu. Ameir hakujua ni nani. Alijitetea. Kosa ni yangu, Victorine. Mume wako amekufa sababu ya mimi."

Victorine akajitoa mikononi mwake kama mtu aliyeungua.

"Weye?" akasema. Kisha akamgeukia shemeji yake. "Na weye ulikuwako? Ulikuwako, ukanyamaza, ukaniacha nikaombe Mungu kule hospitali juu ya bezi?"

Pacifique akayakwepa macho yake. Uso wake ulikuwa umejikunja. Alikuja kudai, na sasa yeye ndiye aliyekuwa anadaiwa, na mbele ya mjane wa kaka yake. Mwanaume akiaibika hivyo humtafuta wa kumpiga. Alitoa mkono nyuma. Alikuwa ameshika kipande cha nondo.

"Ulisema hatapigana!" alimfokea Larisa. "Ulisema ni mukono tu, kazi ya dakika! Ulituuza!"

"Pacifique, weka chini," nikasema.

Akairusha kwa nguvu zake zote. Si kwangu. Kwa Larisa, aliyekuwa amepiga magoti.

Nikaruka katikati. Miaka yangu yote ulingoni nimefundishwa kitu kimoja kuliko vyote: kushoto kunapiga, kulia kunalinda. Kitu kikija upande ule, mkono wa kulia unapanda wenyewe hadi kwenye paji la uso, hauhitaji ruhusa yako. Ukapanda. Ulifika kifuani, plasta ikauvuta, mifupa ikasagana ndani, na ukakataa kwenda zaidi.

Nondo ikapita juu yake.

Nilisikia kama mtu amefunga mlango, mbali. Sakafu ikaja. Sikutanguliza mikono.

Nilimwona Larisa amemrukia Pacifique mgongoni, kucha machoni mwake, anapiga kelele kwa lugha ya kwao. Nilimwona Victorine amekiokota kisu cha viazi na anazunguka nacho, hajui amchome nani. Damu yangu ilikuwa inakwenda kwenye nyufa za vigae, imejipanga vizuri. Mtu alikuwa anahesabu. Nilitaka kuamka kabla hajamaliza, kama ilivyo desturi, nikakumbuka kwamba hapa hapakuwa na mwamuzi.

* * *

Taa nyeupe. Harufu ya dawa. Kichwa changu kilikuwa kimefungwa na nilikihisi kizito, lakini kilikuwa kinafikiri, na nilimshukuru Mungu kwa kila wazo lililopita.

Nilitaka kujigusa usoni. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye plasta yake. Wa kushoto ulisogea kidogo, ukakwama, kikalia chuma. Nilikuwa nimefungwa pingu kwenye kitanda.

Askari mnene alikuwa amekaa kando, kofia juu ya goti.

"Bingwa umeamka," alisema. "Madaktari walikuwa wamekukatia tamaa."

"Mke wangu yuko wapi?"

"Yuko salama. Amechubuka kidogo."

"Mmemkamata?"

"Tumkamate kwa nini?"

"Amewaambia nini?"

Alinitazama kwa huruma, jambo lililonitia hofu kuliko pingu.

"Mkeo ndiye aliyetuita. Ametueleza kwamba Hénock alikuwa mpita njia, na wewe ulimpiga mpaka kufa kwa hasira zako za barabarani. Hakuna aliyemtuma mtu, anasema. Mjane wake naye amesema hivyohivyo, na kwamba shemeji yake hakuwepo kabisa, kichwa ulijigonga ukianguka jikoni. Wamekuja pamoja, wameshikana mikono."

"Haiwezekani."

Askari akasimama, akavaa kofia yake. Alipofika mlangoni akageuka, akauangalia mkono wangu wa kushoto.

"Sisi hatukuwa na mpango wa kukufunga, mtu aliyekuwa hajui yuko wapi," alisema. "Mkeo ndiye aliyetusihi. Alisema tuufunge huo uliobaki, usije ukavaa glavu tena."